Kikombe cha Hadithi za Picha

Vijana wanaochora katuni siku hizi hunialika kwenye sherehe zao za kutunzana, nami hujibu kwamba magoti yananiuma. Magoti yangu hayana neno. Siendi kwa sababu niliwahi kwenda kwenye sherehe moja ya namna hiyo, hapa hapa Kampala, miaka ile ya utawala wa wanajeshi, na nikikumbuka yaliyonipata pale hasira hunipanda upya kana kwamba ni jana.

Nilikulia katika nyumba za polisi, Nsambya. Baba yangu alikuwa sajini, mtu wa kaskazini, mrefu, mkimya, na kazini alikuwa na imani moja tu: polisi anayejulikana kwa jina hadumu. Yeye alikuwa Mkristo na mama Muislamu. Nyumbani tulifunga Ramadhani na Krismasi tulichinja kuku, na Kiswahili chetu kilikuwa kile cha kambini, kinachotembea wima kama askari na kisichojali ngeli. Masista walinifundisha kuchora shuleni. Nilipomaliza nikapata kazi katika ofisi moja ya serikali, kuchora mabango ya afya: chemsha maji, funika chakula, mpeleke mtoto akachanjwe. Nilichora nzi wengi sana.

Humo ofisini ndimo nilimokutana na mwenzangu. Yeye alikuwa mfasiri. Alitoka katika ukoo wa Waislamu wa siku nyingi mjini, wale ambao babu zao walikuja na misafara ya pwani wakaoa wakabaki. Baba yake aliuza vitambaa chini ya kilima cha Lubaga, na kaka zake walisomesha Kurani chuoni. Alikuwa nadhifu, kofia yake haikupata hata tone la jasho, na alikuwa na tabia ya kukusahihisha kabla hujamaliza kusema.

"Dada, sema 'ninakwenda'," alikuwa akiniambia. "Lugha si gunia ukaiburuta."

Hadithi ilikuwa yangu. Nalisema hili mapema kwa sababu kisa kizima kimejengwa juu yake. Mama alikuwa na dada yake Kabalagala, na kila tulipokwenda kumwona tulipita kwa mama mmoja aliyekaanga vile vikate vya ndizi mbivu na unga wa muhogo ambavyo ndivyo vilivyoupa mtaa jina lake. Alikaa nyuma ya sigiri yake kama hakimu. Walevi, makarani, askari, wote aliwapanga mstari mmoja, na mtu akijipenyeza mbele alimpa maneno mpaka akarudi nyuma mwenyewe. Nikaanza kumchora. Nikamgawa katika visanduku vidogo, kila kimoja na jambo lake, na juu ya kichwa chake nikatia puto la maneno. Nilimwita Nyabo tu, kama mwanamke yeyote anavyoitwa mjini hapa.

Nilimwonyesha mwenzangu kwa sababu alikuwa akifahamiana na mhariri wa gazeti moja la kila wiki. Aliangalia karatasi kwa muda mrefu, kisha akatoa penseli na kuanza kusahihisha maneno ya Nyabo.

"Usiguse," nikamwambia.

"Amesema 'hata kofia nasimama rayini'. Hicho ni Kiswahili gani?"

"Ndicho anachosema. Ni Muganda, r na l kwake ni kitu kimoja, anataka kusema laini, foleni. Na huyo karani ametanguliza kofia imshikie nafasi. Sasa we' unataka amjibu kama yuko chuoni?"

Tuligombana siku hiyo na kila wiki baada ya hapo. Mwishowe tukakubaliana: Nyabo na wateja wake waseme kama wanavyosema mtaani, na mwenzangu aandike yale maelezo mafupi yaliyokuwa yakitangulia, "Asubuhi moja sukari ilipoadimika" na mengine ya aina hiyo. Aliyaandika vizuri, siwezi kumnyima hilo. Lakini nilikuwa nikichora kila mstari, nikitia wino mwenyewe, na maneno mengi ya Nyabo yalitoka masikioni mwangu. Gazetini halikutokea jina la mtu. Mhariri alisema wakati ule si wa majina.

Nyabo akapendwa. Wanawake wa sokoni walimkata gazetini wakambandika kwenye mbao za vibanda vyao. Makarani walimtaja ofisini bila kujua kwamba mchoraji yuko meza ya pili, ananoa penseli. Hata askari wa kambini kwetu walimsoma, wakicheka kwa sauti, kisha wakitazama nyuma kuona nani amewasikia. Nyabo hakuwa amesema neno lolote kuhusu serikali. Alisema juu ya foleni, na sabuni, na wanaume wanaolipa kwa ahadi. Lakini siku zile foleni yenyewe ilikuwa ni serikali.

Kisha ikatangazwa zawadi. Meja mmoja aliyekuwa amekabidhiwa mambo ya habari na michezo alitaka kuonyesha kwamba jeshi linapenda sanaa. Kungekuwa na zawadi ya ngoma, ya kwaya, ya picha ya rangi, na kwa mara ya kwanza zawadi ya hadithi bora ya picha. Mshindi angepata kikombe chenye vipini viwili, na gunia la sukari. Kikombe watu hawakukisema sana. Wakati huo kupata kilo moja ya sukari kulihitaji umjue mtu anayemjua mtu, na hapa lilikuwa gunia zima!

"Mimi nitapeleka zetu," mwenzangu akasema. "Wewe chagua zilizo nzuri."

Nikachagua. Usiku nilizipitia tena kwa wino pale palipopauka, nikampa asubuhi zikiwa zimefungwa katika kitambaa. Hakunionyesha alichoandika juu ya bahasha, nami sikumwuliza.

Sherehe ilikuwa alasiri, katika ukumbi mmoja mjini uliokuwa ukitumiwa na shule. Nilivaa gauni la mama mdogo. Mlangoni nilimkuta baba. Alikuwa amepangiwa zamu ya ulinzi hapo, na tulipokutana macho alitazama juu ya kichwa changu kana kwamba mimi ni mgeni. Nilielewa. Kazini hakuwa na mtoto.

Ngoma zikapita, kwaya ikapita. Meja alikuwa mtu mnene, mwenye shingo iliyokunjana nyuma, na kifimbo chini ya kwapa. Magunia ya sukari yalipangwa kando ya meza, na macho ya ukumbi mzima yalikuwa huko. Ilipofika zamu yetu, Meja alisoma karatasi, akataja jina la mwenzangu. Mwenzangu akainuka kutoka safu ya mbele, kanzu nyeupe, koti jeusi juu yake. Mimi nikashusha mkoba wangu sakafuni, nikaweka sawa gauni, nikangoja jina la pili.

Meja akaikunja karatasi.

Watu wakapiga makofi. Mwenzangu akapokea kikombe kwa mikono miwili, akapewa nafasi ya kusema neno. Alimshukuru Mwenyezi Mungu, akamshukuru Rais, akamshukuru Meja, mhariri, na baba yake mzazi. Kisha akamalizia kwa kile Kiswahili chake kisicho na vumbi: "Na wale wote walionisaidia kwa namna moja au nyingine."

Sikumbuki kuamua kusimama. Nakumbuka kiti kilichoanguka nyuma yangu, na sauti yangu ikitoka nyembamba kuliko nilivyotaka.

"Mimi ndiye niliyechora."

Makofi yakafa. Mwanamke aliyekaa kando yangu alivuta gauni lake karibu naye ili lisiniguse. Meja alitazama huku na huku, akitafuta.

"Nani nasema?"

"Mimi, afande."

"Kuja hapa."

Nilipita katikati ya viti. Nilimwona mwenzangu jukwaani na nilitafuta haya usoni mwake, sikuiona. Alinitazama kama mtu anavyomtazama mtumishi aliyemwaga chai mbele ya wageni.

"Huyu nasema ye' ndio nachora," Meja akamwambia. "Wewe nasema nini?"

"Afande," mwenzangu akasema, "huyu dada alikuwa akinisaidia kutia wino."

Kutia wino! Ningalikuwa na kitu mkononi ningalimtupia.

Meja akacheka. "Hii ya rahisi. Mutu najua kupika, napika watu naona. Lete ubao."

Wakausukuma ubao mweusi wa shule uliokuwa na magurudumu. Meja mwenyewe alinipa chaki.

"Chora."

"Nichore nini, afande?"

"Chora mimi."

Nikaelewa nimeingia wapi. Ukumbi mzima ulijua kalamu ile inavyowafanya wanaume. Wanaume wote waliokwenda kwa Nyabo walikuwa na matumbo yaliyomwagika juu ya mikanda na macho ya mbuzi aliyekamatwa shambani. Nikimchora Meja hivyo, nisingerudi nyumbani. Nikimchora kijana mwembamba mwenye kifua, angesema huu si mkono ule, na mwenzangu angeshuka na kikombe changu, na mimi ningeulizwa kwa nini nimemdanganya afisa mbele ya watu. Kule mlangoni baba alikuwa amesimama wima, mikono nyuma. Hakuonyesha lolote usoni, lakini nilimjua. Alikuwa akihesabu hatua kutoka pale hadi nilipo.

Nikaanza na Nyabo, kwa kuwa yeye mkono ulimjua bila kuniuliza. Kitambaa chake kichwani, shavu lake, kijiti cha kugeuzia vikate. Watu wakaanza kunong'ona, maana hata kwa chaki alikuwa ndiye. Nikachora sigiri na karai la mafuta. Kisha nikamchora mteja aliye mbele yake, lakini nikamchora kwa nyuma: kofia ya kijeshi, mabega mapana, kifimbo chini ya kwapa, na ile mikunjo ya shingo. Hapo nikaweka chaki chini.

Hakuna aliyecheka. Meja alisogea karibu na ubao, akatazama, akapeleka mkono nyuma ya shingo yake akaishika.

"Mbona mimi hapana sura?"

"Afande, wewe uko mbele ya laini," nikasema. "Sisi wengine tuko nyuma yako. Tunauona mgongo tu."

Halafu Meja akacheka. Alicheka kutoka tumboni, akanipiga bega, na ukumbi wote ukacheka nyuma yake, kama watu walioruhusiwa kuvuta pumzi. Akamnyang'anya mwenzangu kikombe, akanitia mkononi.

"Kikombe ya mukono," akasema, "sukari ya mudomo. Kila mutu iko na yake."

Watu wakashangilia hukumu ile kana kwamba ni ya Suleimani. Mimi nilikuwa nimeanza kutabasamu Meja alipoinama karibu na sikio langu. Pumzi yake ilinuka pombe ya waragi.

"Wiki kesho kuja ofisi yangu. Hii mama ya kabalagala naacha kusema foleni. Nasema jeshi. Kila wiki nasifu jeshi. Wewe na yeye pamoja."

Nje, nyuma ya ukumbi, mwenzangu alikuwa akitafuta mtu wa kumbebea gunia. Nilimwendea nikiwa na kikombe mkononi.

"Ulinifuta," nikamwambia.

"Nilikukinga. Picha zile zingemuudhi mtu, angeitwa nani? Mwenye jina. Nikaweka langu."

"Na kikombe je, kingemuudhi nani?"

"Usinipigie kelele njiani, dada."

"Kutia wino! Mwaka mzima nachora, wewe unaandika 'Asubuhi moja', halafu mimi natia wino?"

"Sasa umesimama ukajulikana, umefaidi nini? Sote wawili tumetiwa kamba. Hadithi ilikuwa inakwenda vizuri kwa sababu hakuna aliyeijua, na wewe na mdomo wako mmeimaliza leo."

"Sukari hiyo ikuozeshe meno," nikasema.

"Na wewe kikombe hicho ukinywee machozi."

Hatukuwahi kuzungumza kwa upole tena. Lile neno lake la kunikinga nimelifikiria miaka mingi na sijaliamini hata siku moja. Mtu anayekukinga hakai safu ya mbele amevaa koti jipya.

Baba alirudi kutoka zamu jua likitua. Hakuvua mkanda. Alisimama katikati ya chumba, akanyoosha mkono, mama akamkabidhi kikombe kabla sijasema neno. Akatoka nacho hadi kwenye vyoo vya mwisho wa safu ya nyumba. Nilimfuata mbio nikimshika shati. Alinisukuma kando kwa kiwiko, akakitumbukiza. Niligonga ule mlango wa bati kwa ngumi mpaka majirani wakatoka kutazama.

Ndani ya nyumba alisema kwa sauti ya chini, ambayo kwake ilikuwa mbaya kuliko kelele. "Miaka yote mimi nasimama mulangoni, hapana mutu najua jina yangu. Leo Meja nauliza, hii mutoto ya nani? Wananionyesha na kidole."

"Baba, sikufanya kosa."

"Nani nasema kosa? Huko hapana uliza kosa."

"Nilichora mimi! Ulitaka ninyamaze?"

"Ndiyo," akasema. "Mimi nataka wewe nanyamaza. Wewe naishi, unanyamaza."

Kesho yake jioni alimleta nesi mmoja, mke wa konstebo wa safu ya pili, akiwa na kikapu. Ndani ya kikapu kulikuwa na bandeji na unga wa plasta, ule wanaofungia mifupa iliyovunjika. Mama alileta beseni la maji. Walikuwa wamekwisha panga mambo yote watatu, wakaniketisha kwenye kigoda kama mbuzi wa akika anayengoja kisu.

"Mkono gani unachora?" nesi akauliza, na hakuniuliza mimi.

"Wa kulia," mama akasema.

"Hamtaniuliza?" nikasema. "Huu mkono ni wa nani?"

Baba aliweka kiganja begani mwangu, kizito, akanishikilia hapo mpaka nesi alipomaliza kuzungusha. Plasta ilipoanza kukauka ikawa ya moto, ikanibana kuanzia vidoleni hadi kwenye kiwiko. Nesi alinifundisha la kusema: niliteleza penye bomba la maji, nikaangukia mkono. Najua walichokuwa wakifanya. Msichana wa safu ya nyuma yetu aliwahi kuitwa ofisini kwa mkubwa mmoja kwa ajili ya "kazi", na mama yake bado anangoja. Nalijua hilo na nililijua wakati ule pia. Lakini usiku ule, mkono ukiwasha ndani ya ile chokaa na nisiweze kujikuna, nilimchukia baba kuliko nilivyomchukia Meja.

Kabla ya siku ya kwenda ofisini mwenzangu akaja Nsambya. Alikuwa na kopo la sukari.

"Mama yangu amesema niwaletee," akamwambia mama akiwa bado mlangoni. Alitamka kila neno kama mtu aliyetumwa.

Alinikuta uani nikiinua karai la nguo mbichi. Nililiinua kwa mikono yote miwili, ule wenye plasta ukiwa chini, maana karai lilikuwa zito na sikutegemea mtu. Akaona. Aliutazama mkono, akanitazama mimi, nami nikalishusha karai taratibu. Mama alilipokea kopo haraka, kabla sijalipiga teke. Wiki ile chai ya nyumbani ilikuwa tamu, watoto wa jirani walikuja kuonja. Mimi nilikunywa yangu bila sukari na kila mtu alijifanya hajaona.

Ofisi ya Meja ilikuwa na zulia jekundu na madirisha yaliyofungwa. Aliuona mkono akakunja uso.

"Nani navunja?"

"Niliteleza bombani, afande."

Aliuzungusha ule mkono huku na huku kama mtu anayenunua mbuzi mnadani. Aliigonga plasta kwa kifimbo. Nikapiga kelele, na sikuhitaji kuigiza, kwa hofu niliyokuwa nayo ningepiga kelele hata angegonga meza.

"Mungu nakupa mikono mbili," akasema. "Chora na hii ingine."

Nikachora kwa mkono wa kushoto. Nilitaka kuharibu, lakini sikuwa na haja ya kutaka. Nyabo alitoka kama gunia lililopigwa na mvua. Meja akaichana karatasi, akaita kwa sauti, na mlango ukafunguliwa. Mwenzangu aliingia. Alikuwa ameketi nje ya mlango muda wote ule, amekuja na daftari la maneno ya kusifu.

"Wewe na huyu iko kazi moja," Meja akamwambia. "Sema kweli. Hii mukono navunjika?"

Mwenzangu aliangalia plasta. Alikuwa na neno moja tu la kusema ili nisitoke mle ndani, na alinichukia kiasi cha kutosha kulisema. Niliona akiliwaza. Kidole chake kilikuwa kikisugua jalada la daftari.

"Ni kweli, afande," akasema. "Nilikuwapo alipoanguka. Mfupa ulitokeza nje."

Meja alinisonya. "Mutu bure," akasema. "Toka."

Kwenye ngazi mwenzangu alinifikia.

"Sasa hunidai. Usinitaje tena mjini."

"Sikukuomba uniongopee."

"Hukuniomba, na umepewa. Mtu mwingine angesema ahsante."

"Nitakutaja mpaka nizikwe," nikamwambia. "Kikombe kilikuwa changu."

"Kiko wapi hicho kikombe?" akauliza. Akarudi ndani na daftari lake.

Walimtafuta mchoraji mwingine, mtu wa ramani jeshini. Alichora kila kitu kwa rula. Nyabo wake alikuwa na meno yaliyolingana na shati lisilokunjana, na kila wiki aliwasifu wanajeshi kwa kulinda barabara, kwa kuleta chumvi, kwa kushika wafanya magendo. Maneno yalikuwa Kiswahili fasaha kabisa. Hakuna tena mtu aliyesimama "rayini".

Sikutegemea yaliyofuata. Watu waliokuwa ukumbini walikwisha sema mji mzima kwamba yule anayemchora Nyabo ni binti wa sajini wa Nsambya. Nilikuwa nimesimama mbele ya watu nikajitangaza kwa mdomo wangu mwenyewe, na sasa picha zile za rula zilikuwa zangu. Sokoni walimbandua Nyabo kwenye mbao. Fundi viatu aliyekuwa akinichekea kila asubuhi alitema mate nilipopita. Nilikwenda Kabalagala kumwona mama mdogo, nikapita kwa yule mama wa kweli, wa sigiri. Alikuwa akigeuza vikate vyake. Nilisimama mwisho wa mstari kama kawaida, na ilipofika zamu yangu akamhudumia aliye nyuma yangu.

"Nyabo," nikamwambia, "ile si kazi yangu. Mkono wangu huu, ona."

Aliitazama plasta. "Mulinichukua sula yangu hamukuniuliza," akasema. "Sasa inasema maneno ya watu wengine. Wewe, ama yule, mimi najuaje?" Akamwita mteja mwingine.

Mwaka uliofuata zawadi ya hadithi ya picha ilitolewa tena. Sikwenda, bila shaka. Baba alikuwa na zamu mlangoni, naye ndiye aliyeniambia, akila, bila kuinua macho: alishinda mwenzangu pamoja na mtu wa ramani, na safari hii majina mawili yalitajwa. Niliinuka nikaenda kukaa nje.

Plasta yenyewe ilikuwa imekatwa miezi mingi nyuma na nesi yule yule, kwa msumeno mdogo, ikapukutika sakafuni vipande vipande. Mkono ulikuwa mwembamba, ngozi imepauka kama ya mtu mwingine. Kazi ofisini nilikwisha acha, maana sikuweza kukaa meza moja na yule mtu. Nilikwenda Katwe kwa mzee mmoja aliyeandika vibao vya maduka, akanijaribu kwa neno BUCHA, akaona herufi zimenyooka, akanichukua. Nilipaka vibao vya kinyozi, vya hoteli, vya fundi redio. Wakati mwingine mwenye duka aliomba nimchoree ng'ombe au mkasi, nami nilichora. Watu sikuwachora. Mtu akiniomba nimchoree mwanamke anayepika, nilimwambia sijui.

Baba hakuniomba radhi na sikumtarajia. Tuliishi chumba kimoja tukipishana. Siku moja aliniletea brashi mpya, nzuri, ya manyoya, sijui aliipata wapi katika ule ukame wa vitu. Aliiweka juu ya meza akatoka. Niliitumia kwa sababu nilikuwa naihitaji.

Vita vilivyowaondoa wanajeshi wale vilipokuwa vimekaribia, kaka mkubwa wa mwenzangu alikuja kibandani kwetu Katwe. Alitaka kibao cha duka la baba yao kipakwe upya. Tulipatana rangi na ukubwa, akaketi kwenye ngazi kunitazama nikianza herufi ya kwanza. Baada ya kitambo akasema kwamba ndugu yake ameondoka, amepitia Busia na kuingia Kenya, na hatarudi. Meja wake alikuwa amekosana na wakubwa zake akaanguka, na kila aliyekula mezani kwake alikuwa akitafutwa.

"Aliniambia nikikuona nikusalimie," akasema.

"Alisema hivyo?"

Yule kaka alikuwa mwalimu wa chuo, uongo haukumkaa vizuri. Akainamisha macho. "Hapana," akasema. "Hakukutaja."

Nikauliza kama amekwenda na mkewe na watoto. Akasema ndiyo, wote wamefika salama. Nikamwambia asogee kidogo, ananizibia mwanga, nikaendelea kupaka.